Najiandaa kwa mlipuko wa maradhi, mume wangu asema naita mabaya

Mama Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja, hapa Nairobi. Tumepanga vyumba viwili kwenye ploti ya ghorofa tatu na tuko watu sita: mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyekuja kutoka ushago mwaka juzi ili awe karibu na kliniki yake ya sukari na presha. Choo ni kimoja kwa kila ghorofa, na bomba liko chini, sote tunachota pale. Mimi nauza mitumba, mume wangu ni makanga.

Sijasahau mwaka 2020. Kafyu ilianza saa moja jioni, nissan ya watu 14 ikaambiwa ibebe 8, na mitumba ikapigwa marufuku kuingia nchini. Sote wawili tulikosa kazi mwezi ule ule. Tulidaiwa kodi ya miezi mitatu. Mama mkwe, wakati huo akiwa ushago, aliogopa kwenda hospitali, dawa zikamwishia na sukari ikapanda hadi tukadhani tunampoteza.

Halafu mvua zilizopita mtoto wa jirani wa ghorofa ya kwanza alishikwa na kipindupindu. Kuhara kulianza saa nne usiku, mama yake akangoja kupambazuke kwa sababu hakuwa na nauli ya usiku. Walipofika hospitalini mtoto macho yamebonyea na hawezi kulia. Alipona, lakini mimi tangu siku ile nikisikia redioni habari za Ebola nchi jirani, au Mpox, silali.

Mwezi huu zamu yangu ya chama imefika, nimepewa shilingi 24,000. Nimeshanunua katoni ya barakoa, na rafiki yangu wa kemisti ameniuzia vidonge vya antibiotiki, vile vya rangi mbili, vya kutosha kila mtu nyumbani. Sasa nataka kununua gunia la mahindi na mchele, na nimepanga kwamba likitangazwa lolote, siku hiyo hiyo watoto wanapanda gari kwenda ushago. Mume wangu amekasirika. Anasema naita mabaya nyumbani kwake na kwamba mlinzi ni Mungu. Mama mkwe anamuunga mkono. Siku ya tatu sasa hatuzungumzi vizuri.

Kitinda mimba wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Chanjo zake zote alimaliza akiwa na miezi tisa, kwa hivyo yeye hanitii wasiwasi sana.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Jirani yetu mmoja hufuata bidhaa Kampala. Aliporudi safari iliyopita, kina mama walimwambia watoto wake wasichote maji kwenye bomba mpaka ijulikane hana ugonjwa. Mimi nilinyamaza.

Je, nakosea kujiandaa? Na kama sikosei, nianzie wapi?

Mama Watatu, Umoja

*

Mwanangu Mama Watatu,

Nitaanza na jambo uliloliandika kana kwamba halina uzito. Kitinda mimba wako hajamaliza chanjo. Chanjo ya surua na rubella hapa Kenya hutolewa mara mbili: ya kwanza mtoto akitimiza miezi tisa, ya pili akitimiza mwaka mmoja na nusu. Kina mama wengi huikosa ile ya pili kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea, ana afya, na safari za kliniki zimeshawatoka akilini. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na watoto wa surua niliowapokea wodini wengi wao walikuwa na kijitabu chenye nafasi moja tupu.

Virusi vya surua huelea hewani. Mgonjwa akishaondoka mahali, hewa ile yaweza kuambukiza mtu mwingine hata baada ya saa mbili. Fikiria ngazi zenu, familia zote za ploti zikipanda na kushuka pale pale. Mtoto wa umri wake havalishwi barakoa, kwa hivyo katoni uliyonunua haimsaidii yeye. Kinachomsaidia ni sindano moja, na kwenye kituo cha afya cha serikali hutozwi chochote. Chukua kijitabu umpeleke wiki hii. Ukiwa huko uliza pia kama wakubwa wake walipata chanjo ya homa ya matumbo, ile iliyoanzishwa nchini mwaka 2025.

La pili ni vile vidonge vya rangi mbili. Mrudishie rafiki yako, na kama hawezi kurudisha pesa, zihesabu zimepotea. Antibiotiki haiui virusi, iwe ni vya Korona, Mpox, surua au Ebola. Hata kwenye kipindupindu, ambacho kweli huletwa na bakteria, tiba kubwa ni maji na chumvi. Antibiotiki hutolewa na daktari kwa wale waliozidiwa. Nyumba yenye vidonge kabatini hungoja. Mtu huharisha, anapewa viwili, wanasema tuone kesho. Kipindupindu hakina kesho, mwanangu. Mtu mzima mwenye nguvu zake aweza kuishiwa na maji mwilini na kufa ndani ya saa chache.

Ndiyo maana mtoto wa jirani yako anastahili kuwa mwalimu wetu hapa. Alikosa vitu viwili usiku ule: kinywaji cha kurudisha maji mwilini kuanzia saa nne, na nauli. Vyote viwili ni rahisi kuwa navyo. Mgonjwa wa kipindupindu akitibiwa haraka, anayekufa ni chini ya mmoja kwa kila mia.

Nunua pakiti za ORS, ule unga wa kutengenezea kinywaji hicho, kumi au zaidi, na za zinki kwa ajili ya watoto. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana ziko za nusu lita na ziko za lita moja, na ukikosea maji, dawa inakuwa kali mno au haina nguvu. Zikiisha usiku, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi usizidishe hata kidogo, ni hatari kwa mtoto. Yaliyobaki baada ya siku moja mwaga. Mpe mtoto kwa kijiko, polepole. Akitapika subiri dakika kumi kisha uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na ukiona kuhara kunatoka kama maji ya mchele, au macho yamebonyea, au analia bila machozi, au hakojoi, au hawezi kunywa, usingoje jogoo. Ondoka, na umnyweshe njiani.

Sasa maji yenyewe. Wengi wetu Nairobi tunaamini maji ya bomba ni salama na ya mkokoteni ndiyo mabaya. Mimi siamini hivyo. Mji huu una mgao. Maji yakikatika, bomba hubaki bila msukumo, na palipo na ufa, hasa pale mipira ya plastiki inapopita ndani ya mtaro wa maji taka, uchafu huvutwa ndani. Siku maji yakirudi, wa kwanza kuchota ndiye anayekunywa ule mtaro. Kwa hivyo tibu yote ya kunywa, hata yakiwa meupe kama kioo. Chemsha mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, au kama gesi ni ghali, tia dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, ungoje nusu saa. Yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope huimaliza nguvu klorini.

Piga hesabu pamoja nami: watu sita, lita tatu kila mmoja za kunywa na kupikia, ni lita 18. Huo ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Kuwa na mitungi mitatu yenye vifuniko, ya maji ya kunywa tu, na umeshapita mgao wa siku tatu. Ya kuoga, kufua na choo yakae kwenye mitungi mingine. Kinachoharibu maji yaliyotibiwa mara nyingi ni mkono: kikombe kinachochovywa na kila mtoto anayepita. Mimina, usichovye, au nunua ndoo yenye bomba.

Weka pia chupa ya Jik, ile dawa ya klorini ya kusafishia, mbali na watoto. Mtu akitapika au kuharisha sakafuni, Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Mwagia, acha dakika kumi, kisha ufute, dirisha likiwa wazi. Usiichanganye kamwe na asidi ya kuoshea choo, kwa maana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Lakini hata ukifanya haya yote, bado unatumia choo kimoja na ghorofa nzima. Hapa ndipo naona maandalizi ya familia nyingi za mjini yanapokwama. Tunajifungia na barakoa zetu na gunia letu, na maradhi yanapita mlangoni kwa miguu ya watoto waliotoka chooni bila kunawa. Katika ploti, kaya yako ni ploti nzima. Tumia kiasi kidogo cha pesa zile, na ushawishi wenzako wachange kidogo kidogo, mpate ndoo yenye bomba na sabuni nje ya kila choo. Pangeni zamu ya kuosha. Muulizeni keyateka maji ya choo yanatoka wapi siku za mgao. Landilodi akipuuza, msiishie kunung'unika ngazini: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya nguvu ya kumwandikia notisi ya kuondoa uchafu unaohatarisha watu. Nendeni kwa jina la ploti, si mtu mmoja mmoja. Ulizeni pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu ni nani. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowazindua, karibu laki moja nchi nzima, kila mmoja ana nyumba zake za kutembelea. Wengi hawajulikani kwenye maghorofa kwa sababu hakuna anayewafungulia geti.

Sasa gunia la mahindi. Sikushauri. Kilo 90 ndani ya chumba chenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, si hadithi katika nchi hii. Mwaka 2004 mahindi yaliyoharibika yaliua watu 125 huko Ukambani. Na zaidi ya hilo, jikumbushe wewe mwenyewe ulichoandika. Mwaka 2020 hukuniambia ulikosa unga dukani. Uliniambia ulikosa kazi na ukadaiwa kodi. Kioski kilikuwa wazi, mama mboga alikuwepo, kilichokatika ni mapato. Basi sehemu kubwa ya pesa za chama iwe akiba ya kodi, isiguswe. Chakula kiongeze polepole: ukinunua pakiti mbili za unga, chukua ya tatu, maharagwe, ndengu, mchele, omena, mafuta, sabuni, vile vile mnavyokula siku zote. Pika cha zamani kwanza, rudisha kipya. Mkifikisha wiki mbili inatosha.

Na nauli ya usiku iwe noti, ndani ya mkebe unaojulikana na watu wazima wote wa nyumba. Usiiweke kwenye M-Pesa kama una deni la Fuliza, kwani pesa zikiingia tu deni hujilipa lenyewe, na utakuja kugundua saa saba za usiku. Bonyeza *147# uhakikishe usajili wenu wa SHA, bima ya afya ya serikali, ni kamili, na kwamba mama mkwe ana wake, kwani yeye haingii chini yenu kama mtoto.

Kuhusu mama mkwe, nataka umtazame kwa jicho jingine. Yeye ndiye mtu ambaye karibu kila mlipuko utamlenga kwanza. Kwenye kliniki ijayo aombe dawa kabla zile za mwisho hazijaisha, ili siku zote awe na akiba ya wiki mbili mbele. Piga picha kadi yake na majina ya dawa. Mwulizeni daktari mapema: siku akiharisha au kutapika, dawa za sukari anazitumiaje? Baadhi husimamishwa mwili ukikauka, na hilo si la kuamua nyumbani. ORS asinyimwe kwa hofu ya sukari. Anywe, na apelekwe hospitali. Na mtu akianza kikohozi na homa, mama asiwe ndiye muuguzi wake, hata akisisitiza kama nyanya wanavyosisitiza. Amueni sasa nani atamhudumia mgonjwa, mtu mmoja tu mwenye afya, mgonjwa alale chumba gani, karibu na dirisha lipi. Barakoa zako zitapata kazi hapo, kwa mgonjwa na kwa anayemhudumia.

Mpango wa ushago nakuomba uufikirie upya. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na waliokimbia dakika za mwisho walikuwa wamebanana kwenye magari saa nyingi. Hivyo ndivyo maradhi yanavyosafirishwa kwenda kwa wazee. Kama mtawapeleka watoto, wapelekwe kukiwa kutulivu, mtu wa kuwapokea akiwa amekubali, shule ikiwa imefikiriwa, na hakuna yeyote nyumbani mwenye homa au anayeharisha. Kwa kipindupindu usiwahamishe kabisa. Maji ya kutibu yako hapo ulipo.

Mumeo si mpinzani wako. Ni mtu aliyeumia mwaka ule kama wewe, na hataki kukumbushwa. Mwulize, kwa upole na wakati ameshakula: gari lenu hutoka steji bila tairi la spea na jeki? Anayeweka spea anaita pancha? Sala zenu ziendelee, mimi pia nasali. Kisha mpe jukumu linalomfaa yeye kuliko wewe: atafute madereva wawili wa mtaani watakaopokea simu usiku wa manane, awaulize mapema, aandike namba zao ukutani. Na akirudi kutoka kazini, baada ya kushika noti na sarafu za mji mzima, anawe kwa sabuni kabla hajambeba mtoto. Mwonyeshe pia mkebe wa nauli na hesabu ya chama. Nadhani kilichomkasirisha zaidi ni kuona pesa zinaondoka kwa mambo ambayo hakuulizwa.

Nimemwacha jirani yako wa Kampala mwisho kwa sababu ndiye aliyenikosesha usingizi mimi.

Ebola ilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, hofu ile ilifika hapa kwa basi la kwanza, na naielewa. Lakini virusi vile haviambukizwi na mtu ambaye bado hana dalili, wala haviendi kwenye maji ya bomba. Huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21. Mpox, ambayo kisa cha kwanza hapa kwetu kilitangazwa Julai 2024 kule Taveta, huambukizwa zaidi kwa kugusana na mwenye vipele, au kulalia matandiko yake. Mama aliyerudi safari akiwa mzima hana cha kuwapa watu bombani. Kama angekuwa na homa na maumivu baada ya kutoka mahali penye mlipuko, jambo sahihi lingekuwa kumtenga kwa heshima, bila kumgusa, na kupiga simu 719 ya Wizara ya Afya.

Na hapo ndipo penye hatari ya kweli kwenu. Mtu aliyefukuzwa bombani leo hatawaambia kesho kwamba ana homa. Atafunga mlango, atajitibu, watoto wake watanyamaza kama walivyofundishwa, na ploti itajua siku ambayo kuchelewa kumeshakuwa kukubwa. Mwenye biashara ya kuvuka mpaka ndiye mnayemhitaji kuliko wote awe huru kusema, "Jamani, leo sijisikii vizuri."

Umesema ulinyamaza. Basi kesho alfajiri, ukishuka na mitungi yako, pitia mlangoni kwake, mwite kwa jina la mwanawe kama mnavyoitana, mteremke pamoja mkachote.